Kitubio Kando ya Meli

Mhadhara wa Kwaresima

Mada niliyopewa ni fedheha inayovumiliwa kwa ajili ya upendo. Ni mada inayoweza kutufikisha pabaya upesi, maana kila mwenye ubavu wa kumdhalilisha mwenzake hupenda pia kumhubiria uvumilivu. Kwa hiyo nitaanza na mtu mmoja, mahali pamoja, mwaka 1873.

Meli imesimama mbali kidogo na ufuko wa Molokai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii. Ndani yake yumo mkuu wa mapadri wa Shirika la Mioyo Mitakatifu, amekuja kumwona kijana wake, padri Mbelgiji wa miaka 33 aitwaye Damiano. Hajakaa muda mrefu tangu aende kuishi Kalawao na watu wenye ukoma waliotengwa huko. Bodi ya Afya imekaza amri: anayeingia kwenye makazi yale hatoki. Mkuu anakataliwa kushuka, na padri naye haruhusiwi kupanda. Basi Damiano anasogea kwa mashua hadi ubavuni mwa meli, anainua uso, na kuungama dhambi zake kwa sauti ya kupaza, watu wa melini wakimsikia. Anaungama kwa Kifaransa. Hilo ndilo pazia pekee alilo nalo. Mkuu anamwondolea dhambi kutoka juu, na meli inashika njia yake.

Wakatoliki mliomo humu mnajua kitubio kinavyofanyika: kwenye kona ya kanisa, kimiani katikati, sauti ya chini kiasi kwamba hata padri hulazimika kutega sikio. Siri ile inalindwa kwa adhabu kali kuliko siri nyingi za serikali. Padri huyu aliitoa hadharani, kando ya meli, kwa sababu bila hivyo angekosa sakramenti.

Kilichomfikisha hapo hakikuwa kosa. Alikaa tu na watu ambao wengine wote walikuwa wameambiwa wakae mbali nao, na aibu yao ikamshika naye. Nadhani fedheha ya upendo huja hivyo. Haitafutwi wala haipangiwi ratiba. Humpata mtu aliyekataa kusaidia kwa mbali.

Injili ya Marko, sura ya kwanza, inalionyesha hilo kwa namna ambayo huwa tunaipita haraka. Mtu mwenye ukoma anamjia Yesu na kupiga magoti. Yesu angeweza kumponya kwa neno tu, kama alivyomponya mtumishi wa yule akida bila hata kufika nyumbani kwake. Badala yake ananyosha mkono na kumgusa, na mguso ule, kwa walivyoielewa sheria watu wa wakati wake, ulimtia unajisi aliyegusa. Sisi tukisoma habari hii kanisani huishia kwenye kuponywa, tukaimba, tukakaa. Marko haishii hapo. Aliyeponywa anaondoka na kutangaza habari kila mahali, hata Yesu hawezi tena kuingia mjini waziwazi. Anabaki nje, mahali pasipo na watu. Mwanzoni aliyekuwa nje ni mgonjwa. Mwishoni mgonjwa yuko ndani na mponyaji yuko nje. Wamebadilishana nafasi, na Marko hafafanui. Anatuachia tuone wenyewe. Waraka kwa Waebrania, karibu na mwisho wake, unarudi palepale: Yesu aliteswa nje ya lango la mji, na anayetaka kuwa naye hana budi atoke nje ya kambi amfuate huko huko kwenye aibu.

Lakini turudi Hawaii, maana theolojia isiyo na anwani huchosha.

Mwaka 1865 Mfalme Kamehameha wa Tano alitia saini sheria ya kuzuia kuenea kwa ukoma, na Januari 1866 kundi la kwanza la wagonjwa likashushwa Molokai, kwenye rasi yenye bahari pande tatu na majabali marefu upande wa nne. Ugonjwa uliingia visiwani pamoja na wageni, kama yalivyoingia ndui na surua, ukawakuta wenyeji hawana kinga. Walioshukiwa walisakwa na polisi kama wahalifu, wakavuliwa nguo wakakaguliwa, wakaagana na watoto wao gatini Honolulu. Wenyeji wakauita ugonjwa wa kutenganisha. Hadi sheria ya kuwatenga ilipofutwa mwaka 1969, watu wapatao 8,000 walikuwa wamepelekwa huko. Nataka hili likae wazi kabla sijamsifu Mzungu yeyote: fedheha ya kwanza ya Kalawao ilikuwa ya Wahawaii, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kuibeba.

Damiano alizaliwa mwaka 1840 Tremelo, Ubelgiji, akaitwa Jozef De Veuster. Aliyepaswa kwenda Hawaii ni kaka yake, Pamphile, padri wa shirika hilohilo. Pamphile akaugua homa ya tifasi, mdogo mtu akaomba ashike nafasi yake, akafika Honolulu Machi 1864. Hata safari yenyewe, basi, ilikuwa ya kushika nafasi ya mwingine. Miaka tisa baadaye Askofu Maigret aliwaambia mapadri wake kwamba wagonjwa wa Molokai wanaomba padri, ila hathubutu kumwamuru mtu kwenda. Wanne wakajitolea kwenda kwa zamu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Damiano. Alifika tarehe 10 Mei 1873, na zamu ile haikuisha. Usiku wa mwanzo alilala chini ya mti wa jamii ya mkadi, pembeni ya kanisa dogo la Mtakatifu Filomena.

Katika barua zake hajifanyi malaika. Anaeleza harufu ya vidonda iliyokaribia kumtoa nje katikati ya misa, na jinsi alivyoanza kuvuta kiko ili nguo zake zinuke tumbaku. Alisafisha vidonda, akafunga bandeji, akachimba makaburi, akapigilia misumari kwenye majeneza kwa mikono yake. Alikula poi, yaani magimbi yaliyopondwa, kwa vidole kutoka bakuli moja na wenyeji wake, na kiko chake kilipita kutoka mdomo hadi mdomo. Madaktari walikuja kumlaumu kwa uzembe. Kwa kipimo cha afya walikuwa na haki. Ila jiulize mgonjwa ambaye ndugu zake wameambiwa wasimkaribie angesoma nini usoni mwa padri anayejitengea bakuli. Waswahili tunasema mwosha huoshwa. Damiano alilijua hilo kabla hajaloa maji.

Kuna hadithi maarufu kwamba siku alipogundua ameambukizwa alipanda mimbarini na kwa mara ya kwanza akasema “sisi wakoma”. Ni hadithi nzuri, na si kweli. Maneno hayo yamo katika barua aliyomwandikia kaka yake mwaka 1873, akiwa mzima wa mwili: anaeleza kwamba akihubiri hasemi “ndugu zangu”, husema “sisi wakoma”. Ile ya hadithi ingekuwa taarifa ya ugonjwa tu. Hii ya kweli ni ya mtu aliyejihesabu ndani ya fedheha ya watu miaka 11 kabla mwili wake haujaingia.

Mwili uliingia mwishoni mwa 1884. Inasimuliwa kwamba alitumbukiza miguu kwenye maji ya moto, akaona ngozi inababuka na yeye hasikii kitu. Mwaka uliofuata madaktari walithibitisha.

Hapo ndipo fedheha yenyewe ilipoanza, na ninawaomba mnivumilie nikikaa hapa kidogo. Gerhard Hansen wa Norway alikuwa amekiona kijidudu cha ukoma tangu 1873, mwaka uleule Damiano aliposhuka Kalawao. Habari za maabara husafiri polepole kuliko umbea. Honolulu alikuwepo daktari wa serikali, George Fitch, aliyeshikilia kwamba ukoma ni hatua ya mwisho ya kaswende, na wengi walipenda kuamini hivyo. Kwa nadharia hiyo kila mgonjwa, hata mtoto, alibeba pamoja na vidonda vyake tuhuma ya uzinzi, wake au wa wazazi. Padri aliyeweka nadhiri ya useja akionekana na ukoma, watu hawakuuliza kama alifunga bandeji. Waliuliza alilala na nani. Fikirini uchungu wa mtu anayelazimika kujitetea kwa jambo hilo huku uso wake ukivimba na masikio yakilegea, kila mgeni akimtazama kama anayetazama hati ya mashtaka.

Waliomuumiza zaidi walivaa kanzu kama yake. Michango mikubwa ilikuwa inamfikia kutoka Uingereza, iliyokusanywa na kasisi Mwanglikana, Hugh Chapman, na magazeti ya ng'ambo yalimwandika kama shujaa. Wakuu wake Honolulu hawakufurahi. Walimwona mpenda sifa, na waliona sifa zile zinaiaibisha misheni na serikali, kana kwamba wengine wote wamelala. Mwaka 1886 aliomba kwenda Honolulu kujaribu tiba ya daktari Mjapani, Masanao Goto, na kupata padri wa kumwungamisha. Mkuu wa shirika visiwani wakati huo, Padri Léonor Fouesnel, alimjibu kwamba akija atafungiwa chumba kimoja, au aende hospitali ya wakoma, na huko asitumaini kusoma misa katika kanisa la masista, kwa kuwa padri mwingine hatakubali kutumia kalisi aliyoitumia yeye. Damiano alijibu kwamba maneno yale yalimuuma kuliko yote yaliyompata tangu utoto. Kisha akaenda hivyohivyo, Julai, akakaa siku chache, akarudi kwa watu wake.

Kalisi! Wale ndugu wawili walikula kiapo kimoja mbele ya altare. Mimi huisoma habari hiyo, na namwelewa hata Padri Fouesnel, alikuwa na wagonjwa wengine na hofu ya kweli. Lakini siwezi kuipita bila kusimama.

Angalieni pia kwamba Damiano hakunyamaza. Alijibu kwa hasira, akagombana na Bodi ya Afya kwa ajili ya mabomba ya maji, mbao na chakula, akagombana na wasaidizi wake. Wengi waliofanya naye kazi walimtaja kuwa mkaidi. Picha ya mtakatifu mpole anayepokea kofi huku akitabasamu haimfai. Aliumia, akasema ameumia, akabaki. Kwangu mimi huko kubaki kunazidi utulivu wowote.

Hata hivyo padri alikuwa na barua, wageni na magazeti. Jonathan Napela hakuwa na umaarufu huo ng'ambo. Alizaliwa mwaka 1813 katika ukoo wa machifu, akawa hakimu Wailuku, kisiwani Maui. Alikuwa miongoni mwa Wahawaii wa kwanza kujiunga na Wamormoni, na alisaidia kutafsiri kitabu chao katika Kihawaii. Mwaka 1873 mke wake, Kitty, alikutwa na ukoma na kuamriwa kwenda Molokai. Napela hakuamriwa, aliambatana naye. Wahawaii walikuwa na jina la watu kama yeye, kokua, msaidizi: mume, mke, mama, wakati mwingine mtoto, aliyeingia makazini mzima ili kumpikia na kumvisha mpendwa wake. Bodi ilimfanya Napela msimamizi wa makazi, kisha ikamwondoa. Ikabidi mzee huyo, aliyezoea kuketi kitini watu wakija kumwomba, aandike barua ya kuomba aruhusiwe kubaki na mkewe. Katika barua hiyo anaikumbusha Bodi kiapo cha ndoa yake mbele za Mungu, cha ugonjwa na uzima. Aliruhusiwa. Ukoma ukampata naye, na akafa Agosti 1879, miaka 10 kabla ya Damiano. Padri Mkatoliki na mzee wa Kimormoni walikuwa marafiki, jambo ambalo makanisa yao huko Honolulu yasingelikubali kirahisi.

Damiano alikufa tarehe 15 Aprili 1889, na fedheha haikufa naye. Agosti mwaka huo mchungaji mmoja mashuhuri wa Honolulu, Charles McEwen Hyde, alimwandikia mwenzake barua, nayo ikachapishwa gazetini Sydney. Alidai kwamba marehemu alikuwa mtu wa hovyo na mchafu, mkaidi, aliyekwenda Molokai bila kutumwa, asiye safi katika uhusiano wake na wanawake, na kwamba ukoma aliupata kwa tabia zake. Mwandishi Robert Louis Stevenson, Mskoti aliyelelewa katika Upresbiteri, alikuwa amekaa makazini siku chache mwezi mmoja baada ya mazishi, akaongea na watu waliomjua padri, hata wasiompenda. Februari 1890 akaandika jibu la wazi lililobaki kuwa mojawapo ya barua kali za karne ile. Watu huikumbuka kwa ukali wake. Ninachoheshimu ni kwamba hakumpaka marehemu rangi: uchafu alikiri, ukaidi alikiri, upungufu wa busara alikiri. Alichomuuliza Hyde ni kwa nini yeye na wenzake, wenye nyumba nzuri mjini, walibaki nyumbani, na mtu wa hovyo ndiye akaenda. Tuhuma ya wanawake aliikataa katakata.

Msidhani haya ni ya visiwa vya mbali. Ugonjwa wa UKIMWI ulipoonekana Kagera na Rakai mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ulipoenea, tuliifufua nadharia ya Daktari Fitch pasipo kumjua. Wengi wenu mnakumbuka kikombe kilichotiwa alama kwa rangi ya kucha kisichanganywe na vingine. Mnakumbuka shangazi aliyemwogesha mtoto wa dada yake mchana na usiku, na majirani waliokuja msibani wakapokea chai yake na kuimwaga nyuma ya nyumba. Mwishowe wakaanza kusema huenda hata yeye anao. Wale shangazi hawakuandikiwa barua na Stevenson. Makanisani mwetu, kwa miaka kadhaa, mahubiri yalikuwa upande wa Hyde.

Sasa lile nililolihofia mwanzoni. Mama anayepigwa na mumewe akija ofisini kwa padri au mchungaji, akaambiwa abebe msalaba wake kama Kristo alivyojishusha, hapo Wafilipi sura ya pili imegeuzwa fimbo. Someni tena sura hiyo mkiangalia ni nani anayetenda. Kristo mwenyewe ndiye anayejishusha. Hakuna anayemsukuma kwa nyuma. Fouesnel aliyemwagiza Damiano ajifiche chumbani hakuwa na haki ya kuliita agizo lake unyenyekevu. Na Paulo aliyewaandikia Wafilipi maneno yale, Wafilipi walimjua. Kwa mujibu wa Matendo sura ya 16, mahakimu wa mji huo walimvua nguo hadharani, wakampiga viboko bila kesi na kumtia gerezani. Asubuhi wakatuma askari kumwambia aondoke zake kimyakimya. Akakataa. Ni raia wa Roma, akasema. Waje wenyewe wamtoe. Na wakaja, wakabembeleza. Baada ya hapo Paulo akapitia nyumbani kwa Lidia, akawaona ndugu, ndipo akaondoka. Sidhani alidai heshima ile kwa ajili yake peke yake. Kanisa changa lililokutana katika nyumba ya mwanamke huyo mfanyabiashara lilikuwa linabaki mjini pale, na lingeitwa kanisa la mhalifu aliyetoroshwa. Mtu yuleyule aliyeweza kupoteza heshima yake kwa ajili ya wengine aliweza pia kuidai kwa ajili yao.

Kwa hiyo mtu akikuambia uvumilie aibu, muulize ni nani atakayefaidika. Kitty Napela alifaidika na aibu ya mumewe, alipata mtu wa kumpikia na kufa naye. Wagonjwa wa Kalawao walifaidika na aibu ya padri wao: walipata majeneza, maji na jina la watu. Kipigo cha nyumbani humfaidisha nani?

Kanisa Katoliki lilimtangaza Damiano kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Mapema mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu ujenzi wa mnara huko Kalaupapa, kwenye rasi ileile, utakaoandikwa majina ya wagonjwa wale wapatao 8,000, ambao wengi wao makaburi yao hayana alama yoyote. Waliodai mnara huo ni wagonjwa wenyewe waliosalia pamoja na wazao wa waliotangulia. Miongoni mwa wazao wamo waliokua bila kuambiwa kwamba nyanya wa mama yao alizikwa kule, kwa sababu nyumbani ilikuwa aibu kumtaja.